Jua Juu ya Paa la Gari: Nishati ya Jua na Maisha ya Kambi Nchini Marekani

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Methali hii, ambayo aghalabu huhusishwa na nafaka au fedha, inaafiki vyema pia matumizi ya nishati ya jua, maadamu miale hukusanywa kidogo kidogo mchana ili itumiwe usiku. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi nishati hiyo ilivyobadilisha maisha ya watu wanaopiga kambi kwa magari ya kuishi nchini Marekani. Magari hayo, ambayo hapa tutayaita magari-nyumba, ni ya aina mbili kuu: yenye injini yake yenyewe, na yale yanayokokotwa na gari jingine. Ndani yake mna vitanda, jiko, jokofu, choo na matangi ya maji. Hoja yetu ni kwamba jua limemwondolea mpiga kambi utumwa wa nguzo ya umeme na makelele ya jenereta, lakini papo hapo limemtwika wajibu wa kuhesabu kila anachotumia.

Hali Ilivyokuwa Awali

Kabla ya paneli za sola kuenea, mwenye gari-nyumba aliyetaka umeme wa kutosha alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kulipia nafasi katika uwanja wa kambi wenye nguzo za umeme na kuchomeka waya wake hapo. Njia hii ingali inatumiwa na wengi. Kasoro yake ni kuwa magari hupangwa bega kwa bega, na mgeni hawezi kukaa muda mrefu mahali pasipo na nguzo.

Njia ya pili ni jenereta. Chombo hiki hula mafuta au gesi, hunguruma, na hutoa moshi wenye kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu ambayo huweza kumuua mtu akiwa usingizini. Kanuni za mbuga za taifa za Marekani haziruhusu mngurumo unaozidi desibeli 60 kwa umbali wa futi 50, na viwanja vingi vya kambi hupiga marufuku jenereta wakati wa usiku. Ni bayana kwamba aliyeendea utulivu wa msitu alijikuta akiuharibu yeye mwenyewe, na jirani yake pia.

Utendakazi wa Mfumo wa Sola

Seli ya kwanza ya silikoni iliyofaa kuzalisha umeme ilitangazwa na watafiti wa Bell Laboratories mwaka 1954. Iligeuza takriban asilimia 6 tu ya nishati ya jua kuwa umeme, na bei yake ilikuwa ghali mno. Mnamo 1958 seli za aina hiyo zilirushwa angani katika setilaiti ya Vanguard 1. Leo paneli za kawaida madukani hugeuza asilimia 20 hivi, na kati ya 2010 na 2020 bei yake ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Kushuka huku ndiko kulikoziwezesha kupanda juu ya paa la gari la mtu wa kawaida.

Mfumo wenyewe una viungo vinne. Paneli huzalisha umeme; kidhibiti cha chaji huuongoza ili usiiharibu betri; betri huuhifadhi; na inveta huugeuza kutoka volti 12 za betri hadi volti 120 zinazotumiwa na vyombo vya nyumbani nchini humo.

Katika viungo hivi, betri ndiyo moyo. Betri ya kale ya risasi na asidi yenye uwezo wa ampea-saa 100 hubeba takriban wati-saa 1,200, lakini mwenyewe hushauriwa asitumie zaidi ya nusu, la sivyo ataufupisha uhai wake. Betri ya lithiamu na fosfati ya chuma yenye uwezo huo huo huruhusu karibu akiba yote itumike, na uzito wake haufiki hata nusu ya ule wa betri ya risasi. Hata hivyo, haifai kuchajiwa ikiwa imepoa chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi, jambo ambalo mpiga kambi wa milimani hana budi kulizingatia.

Hesabu ya Siku Moja

Tuchukue mfano wa gari lenye paneli za wati 400. Likipata jua kali kwa muda wa saa tano, baada ya kuondoa kinachopotea njiani, litavuna wati-saa 1,500 hivi. Kwa mizani ya Kenya, hiyo ni uniti moja na nusu. Jokofu dogo la volti 12 huweza kutumia 600 kwa siku. Kompyuta ya mkononi saa nne, 240. Feni usiku kucha, 240. Taa, simu na pampu ya maji, 150. Jumla ni 1,230. Zimebaki 270 za akiba, na akiba haiozi.

Lakini akiwasha kiyoyozi cha paani kinachovuta wati 1,500, mavuno ya siku nzima yatakwisha kwa saa moja. Ndiposa mpiga kambi wa jua hujifunza kukimbia joto badala ya kulipiga vita: hupanda milimani wakati wa kiangazi na kushuka jangwani wakati wa baridi.

Kuchagua Mahali

Mabadiliko haya yanadhihirika katika mji mdogo wa Quartzsite, jimboni Arizona. Jangwa linalouzunguka ni ardhi ya umma. Katika sehemu kubwa ya ardhi ya aina hiyo, mtu huruhusiwa kukaa mahali pamoja bila malipo kwa siku 14 katika kila siku 28. Katika maeneo maalumu kama La Posa, mwenye kibali cha kulipia huweza kukaa kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili. Pale hamna nguzo za umeme za kuchomeka waya, kuna jua.

Hata hivyo, jua hilo lina masharti. Adhuhuri ya mwezi Desemba hupanda nyuzi 33 hivi tu kutoka upeo wa macho, tofauti na letu ambalo huwa juu mwaka mzima. Kwa hiyo wajuzi huinamisha paneli zao kuelekea kusini. Isitoshe, kivuli cha tawi moja huweza kupunguza sana mazao ya paneli, ilhali kivuli hicho hicho ndicho kilichokuwa kikitafutwa na mpiga kambi wa zamani. Wengine huegesha gari kivulini na kuitandaza paneli ya pili juani kwa waya mrefu.

Mipaka na Maana Yake

Ikumbukwe kuwa jua haliteki maji wala halimwagi maji taka. Mtu ambaye zamani angeondoka kwa kuishiwa na umeme, leo huondoka kwa sababu tangi la maji limekauka au la choo limejaa. Mpaka umesogezwa, haujafutwa.

Kwa baadhi ya watu, suala hili si la starehe. Kitabu cha Jessica Bruder, *Nomadland*, kilichochapishwa mwaka 2017, kilieleza maisha ya wazee walioanza kuishi magarini baada ya msukosuko wa kiuchumi wa 2008. Kwa mzee wa aina hiyo mwenye ugonjwa wa kisukari, insulini ya akiba yahitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Jokofu likizimika alfajiri kwa sababu betri haikupimwa vyema, hasara yake si maziwa kuganda.

Hitimisho

Msomaji aliyekulia katika boma lisilofikiwa na nyaya za umeme, ambako kipaneli juu ya mabati na betri ya gari viliwasha taa na televisheni, hatastaajabia hesabu hizi. Alijua kuwa mchana wa mawingu huweza kuikata taarifa ya habari ya jioni katikati. Mmarekani wa gari-nyumba ameyafikia maarifa hayo akitoka katika wingi, ilhali wetu waliyafikia kwa uhaba. Tumeona kwamba paneli humpa mtu uhuru wa kulala mbali na nguzo, lakini uhuru huo hudumu kwa yule anayejua, kabla ya kubonyeza swichi, kibaba chake kimejaa kiasi gani.