Sura ya 7: Sailensa Ikipanda, Tafuta Hewa

Injini ndogo ya petroli iliyokwisha pata moto, gari likiwa limesimama na resi haijaguswa, hutulia kwenye mizunguko kati ya 600 na 800 kwa dakika; mzunguko huo wa kupumzika ndio gerejini huitwa sailensa. Ikigoma kushuka chini ya 1,500, mafuta yanakwisha haraka, gia ya otomatiki inapiga kishindo kila ukiingiza D, na kwenye foleni gari linasukuma mbele hata ukilibana kwa breki. Hilo la mwisho ni la hatari. Gari la namna hiyo haliendeshwi mpaka mwisho wa mwezi eti kwa kuwa bado linatembea.

Dawa inayotolewa upesi gerejini ni bisibisi. Fundi anageuza skrubu ndogo ambayo kisahani cha throto huegemea kinapojifunga, mlio unashuka, mteja anaondoka. Naisihi kila gereji iiache skrubu hiyo. Kiwanda kiliipima ili kisahani kisikwame kikijifunga, na katika magari mengi ndiyo inayoamua sensa ya throto itasoma nini mguu ukiwa juu. Ukiivuruga, kontroli boksi haijui tena kama dereva ameachia resi. Ugonjwa wa kwanza unabaki palepale, na wa pili umeuleta wewe.

Katika injini ya petroli, mguu wa dereva haumwagi mafuta. Unafungua njia ya hewa. Kontroli boksi hupima hewa iliyoingia, kisha huziamuru nozeli zimwage mafuta ya kutosha hewa hiyo. Kwa hiyo injini ikikimbia bila kukanyagwa, swali la kwanza ni moja: hewa inapita wapi?

Wakati mwingine inapita kwa ruhusa. Alfajiri, injini ikiwa baridi, 1,200 au hata 1,500 si ugonjwa, mradi ishuke kadiri joto linavyopanda. Ukiwasha kiyoyozi itapanda kidogo, nayo ni haki yake. Isiposhuka kabisa, fungua rejeta injini ikiwa imepoa uangalie maji. Yakipungua, sensa ya joto inabaki kwenye hewa badala ya maji, na kontroli boksi inadhani bado ni alfajiri. Sensa yenyewe hupimwa kwa mita: katika Toyota nyingi husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na karibu omu 300 kwenye nyuzi 80. Ikiwa namba haishuki joto likipanda, sensa imekufa. Tazama pia waya wa resi. Ukiwa umekazwa mno, au zulia la miguuni limekalia pedali, hakuna haja ya kufungua kitu kingine chochote.

Sasa tuje kwenye hewa inayoibwa, na hapa inafaa kujua injini yako inapimaje hewa. Corolla nyingi za miaka ya 1990, zenye 4A-FE au 5A-FE, hupima mgandamizo ndani ya manifoldi. Mpira unaoungana na manifoldi ukipasuka, mgandamizo unapanda, kontroli boksi inaongeza mafuta kwa uaminifu, na sailensa inapanda. Injini yenye sensa ya kupima hewa kwenye bomba la eakilina, kama 1NZ-FE, haioni hewa inayoingia baada ya sensa hiyo. Mchanganyiko unakosa mafuta, injini inatetemeka, pengine inazima. Tundu ni lilelile, dalili mbili tofauti. Fundi asiyejua hili hubadilisha vipuri vizima.

Kwa zile za 4A-FE kuna kipimo ninachokipenda kuliko mashine yoyote. Ondoa bomba la hewa mbele ya throto, washa injini mpaka ipate moto, kisha ziba mdomo wa throto kwa kibao bapa. Isipozima, kuna hewa inayoingia kwingine. Bana mipira midogo mmoja mmoja kwa koleo, ukianza na ule mnene wa busta ya breki. Mpira ambao ukibanwa mlio unashuka ndio wenye neno. Ikizima, toa kibao, washa tena, tafuta kitundu kidogo cha vali ya sailensa ndani ya throto, ukizibe. Mlio ukishuka ghafla, vali imekwama wazi kwa masizi. Ifungue, isafishe, na ubadilishe gasketi yake.

Kuna sailensa inayopanda na kushuka bila kupumzika. Hapo hewa imezidi kiasi kwamba kontroli boksi, ikiona resi imeachiwa na mizunguko bado ni mingi, inakata mafuta. Mizunguko inaanguka, mafuta yanarudishwa, inapanda tena. Usikimbilie plagi wala pampu. Rudi kwenye mipira.

Magari yenye throto ya umeme yana kisa chao. Masizi yanapoziba ukingo wa kisahani, kontroli boksi hukifungua zaidi kidogo kidogo, na kukumbuka kiasi hicho. Siku ukisafisha throto, masizi yameondoka lakini kumbukumbu imebaki, na sailensa inaruka juu. Mteja atasema umemharibia gari. Mweleze mapema, kisha fanya utaratibu wa kuifundisha upya kama kitabu cha gari hilo kinavyoelekeza, au kwa mashine ya kupimia. Wakati wa kusafisha, zima swichi kabisa na usikisukume kisahani kwa kidole: gia ndogo za plastiki zilizo nyuma yake huvunjika.