Keekee, Juba na Msasa

Anayefasiri mwongozo wa useremala wa nyumbani hupatwa na kishawishi cha kubuni maneno. Hutukia chombo cha kutobolea mbao kikaitwa "kitoboleo", ilhali mafundi wa pwani wana keekee, na kila sehemu yake ina jina: msukano ni mti ushikao chuma, jivu ni kishikio cha juu ambamo msukano huzunguka, uta ndio uuzungushao. "Kitoboleo" hakimwonyeshi mwanafunzi mkono ushike wapi.

Patasi na juba navyo si kitu kimoja. Juba ni patasi nene ya kuchimbia tundu liingiamo ulimi wa ubao wa pili. Mwanafunzi aliyeandikiwa "patasi" tu huenda akatwaa ile nyembamba, akaibana tunduni na kuivunja.

Randa, msumeno na tupa havina utata. Msasa ulikuwa mti wenye majani ya kukwaruza kabla jina halijahamia kwenye karatasi ya dukani, wala hakuna kamati iliyokaa.

Twapendekeza majina haya yaorodheshwe pamoja na michoro. Jivu lipewe maelezo, kwani wengi hulijua la jikoni tu.