Kolwezi: Namna ya kuchagua kriki kwa gari lililo karibu na udongo

Katika mitaa ya Kolwezi, kuanzia Manika hadi Dilala, taksi nyingi na magari mengi ya familia ni madogo, kama vile Toyota IST, Vitz au Corolla. Ni magari mepesi yasiyokunywa mafuta mengi, lakini tumbo lao liko karibu na udongo. Siku pine inapotoboka, wenye magari wengi hugundua kwamba kriki waliyo nayo haiingii chini ya gari.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Watu watatu wanainua gari kwa mikono huku wa nne akisukuma jiwe chini yake. Mara nyingi huyo wa nne ni kijana anayejifunza kazi ya mekanisiye. Jiwe likiteleza, mkono au maisha yake yanapotea.

Pima kwanza, nunua baadaye

Usiende sokoni kabla ya kupima gari lako. Chukua mita, upime kutoka udongo hadi mahali ambapo kriki inashika, yaani ule ukingo wa chuma ulio chini ya mlango, karibu na gurudumu. Kwenye magari mengi mahali hapo pamewekwa alama.

Tuseme umepata sentimita 17. Usifurahi bado, kwa sababu umepima gari lenye upepo. Pine iliyoandikwa 175/65 R14 ina ukuta wa sentimita 11 hivi. Upepo ukiisha wote, pembe hiyo ya gari inaweza kushuka sentimita 6 au 7. Zile 17 zinabaki 10 au 11.

Sasa linganisha. Kriki ya chupa, ile inayosimama wima, mara nyingi ina urefu wa karibu sentimita 20 hata ikiwa imeshushwa kabisa. Kriki ya kawaida ya magurudumu huwa na 13 au 14. Zote mbili hazitaingia. Ile iliyotengenezwa kwa magari ya chini huanzia sentimita 7 hadi 9. Namba hiyo ndiyo ya kumuuliza muuzaji kwanza, kabla ya kuuliza bei.

Udongo wetu nao unahesabika

Mkono wa kriki ya magurudumu ukipanda, kichwa chake husogea kidogo, kwa hiyo kriki yenyewe lazima itembee ili ibaki wima chini ya gari. Kwenye sima inatembea vizuri. Kwenye vumbi la kiangazi au matope ya mvua, magurudumu yake madogo yanazama, kriki inakwama, na kichwa kinaanza kuteleza kwenye chuma cha gari.

Dawa yake ni ubao mgumu na mpana wa kuweka chini ya kriki. Lakini ubao nao una unene. Kriki ya sentimita 9 juu ya ubao wa 3 inakuwa 12, na nafasi yako ilikuwa 11. Kwa hiyo, anayefanyia kazi kwenye udongo atafute kriki ya 7 au 8. Kama hakuna, aendeshe gari polepole hadi pine iliyotoboka ipande juu ya kipande cha ubao, ndipo aingize kriki.

Tani ngapi?

Toyota IST ina uzito wa tani 1 na zaidi kidogo. Kriki ya tani 2 inatosha, mradi abiria wameshuka na mizigo imetolewa. Kriki ya tani 3 ni ya garaji. Ni nzito sana kubebwa kila siku nyuma ya taksi. Anayeendesha Land Cruiser ya kwenda machimboni asinunue kriki ya chini kwa kufuata wengine: gari lake liko juu, na kriki hiyo inaweza isifike.

Kabla ya kutoa makuta, mwombe muuzaji ainue gari mbele yako. Subiri dakika kumi. Ikiwa imeshuka yenyewe au inatoa mafuta, iache. Angalia pia kama inashuka polepole unapofungua vali. Ukishainunua, usiijaze mafuta ya freni, kwani yanaharibu mipira ya ndani. Inahitaji mafuta ya hidroliki.

Kriki inainua, haishikilii

Hata kriki ya bei kali inategemea mpira mdogo unaozuia mafuta. Mpira ukipasuka, gari linashuka mara moja. Kwa hiyo anayeingia chini ya gari lazima kwanza aweke shandeli mbili za chuma, na magurudumu yaliyobaki chini yafungwe kwa mawe au vipande vya mbao, mbele na nyuma. Kriki ya magurudumu pamoja na shandeli mbili ndiyo bei kamili. Ukihesabu kriki peke yake umehesabu nusu.

Barabarani, mahali ni muhimu kama chombo. Njia ya Kolwezi kwenda Likasi na Lubumbashi inapitiwa usiku na mchana na malori ya shaba, kobalti na asidi. Mwezi wa Februari 2019, karibu na kijiji cha Kabwe, ajali ya lori la asidi na basi iliua watu wengi. Pine ikitoboka huko, usiinue gari kandokando ya lami. Endesha polepole hadi upate sehemu pana na tambarare, hata kama jante itaharibika. Jante inauzwa sokoni, lakini mguu hauuzwi.