KUUNGANISHA MANENO KATIKA KOMPYUTA

Muhula huu sisi wa chama cha kompyuta tulifanya kazi iliyotutoa jasho. Naieleza hapa ili atakayetufuata asijikwae pale pale.

Tuliandika programu kwa lugha ya asembli, lugha iliyo karibu sana na mashine, ambayo kila baiti huiamuru mwenyewe. Tulitaka kuliunga neno Morogoro na neno Uluguru, yaonekane pamoja kwenye kioo siku ya wazazi. Lo! Ikatokea herufi moja tu, tena ya Kichina. Baba yangu, aliyeteremka kutoka Mgeta asubuhi ile, akaniuliza, "Mwanangu, ndiyo mnayofundishwa haya?" Niliona haya sana.

Sababu ni hii. Windows huweka herufi kama hizi zetu kwa baiti mbili mbili, ili lugha nyingi za dunia zipate nafasi. Fikirini basi lenye safu za viti viwili viwili. Kila herufi hupewa safu nzima. Herufi zetu hukalia kiti kimoja, na cha pili huwa sifuri, yaani kitupu. Za Kichina hukalia vyote viwili. Mwisho wa neno ni safu iliyo tupu yote.

Programu yetu ilikagua kiti kimoja kimoja, kama konda mwenye pupa. Ilipoona kitupu kando ya M, ikadhani Morogoro imekwisha, ikaiketisha U hapo hapo. Kisha ikaona kitupu kando ya U, ikadhani Uluguru nayo imekwisha, ikaandika sifuri ya mwisho juu ya o iliyofuata. Safu ya pili ikawa tupu. M na U, katika safu moja, zikasomeka kuwa herufi ya Kichina.

Dawa yake ni kukagua safu nzima. Tuliacha rejesta AL yenye baiti 1, tukatumia AX yenye baiti 2, tukasogea baiti 2 kila hatua. Tena tulipima nafasi kwanza: herufi 8 na 7 ni 15, yaani baiti 30, ongeza 2 za mwisho, 32.

Jioni maneno yalitokea sawasawa, lakini baba alikuwa amekwisha panda gari. Likizo nitamchorea viti vile, aelewe. Haraka haraka haina baraka.