Mbele ya Kupanda Ngazi, Chora Karatasi



Wezi wanasumbua mtaa. Chama chenu kina depo kubwa ya unga, na mmekata shauri kuweka kamera ninyi wenyewe. Ni vizuri. Lakini kumbuka: mwizi anachukua gunia, ngazi iliyowekwa vibaya inachukua baba wa watoto. Kazini huingii shimoni bila mpango. Kwa nini siku ya kupumzika upande ukutani bila mpango?

1. Tembea na kalamu. Zunguka jengo mchana, kisha rudi usiku. Chora milango, madirisha na taa. Uliza zamu, yeye anajua pahali wezi wanapopita. Anza na milango, na usipandishe kamera juu sana: utaona kofia, uso hutauona. Usiielekeze kwenye chumba cha kubadili nguo wala kwenye dirisha la jirani.

2. Pima waya. Kwa jengo kubwa chagua kamera ambazo waya mmoja unapeleka picha na umeme pamoja. Umeme huo ni volti 48 hivi, si 220 za nyumba. Waya usipite mita 100, pamoja na kona zote. Na ninyi watu wa shaba, msidanganywe dukani! Kwaruza uzi wa ndani kwa kisu. Ukiwa mwekundu mpaka ndani, ni shaba. Ukitokea mweupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba: inapata moto na kukatika upesi. Uache.

3. Hesabu akiba ya picha. Kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde inajaza karibu gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 8 kwa siku 15 zinataka gigabaiti 5,200 hivi. Basi nunua diski ya terabaiti 6. Mashine ifungiwe chumbani, pamoja na batri, kwani mwizi anapenda giza.

4. Siku ya kupanda. Hapa ndipo watu wanaumia. Kata umeme kwenye kisanduku, kifunge, ufunguo ukae mfukoni mwako. Kisha hakikisha kwa kipimo. Usiseme: «Leo mtaa mzima hauna umeme, hakuna hatari.» Umeme unarudi bila kupiga hodi, na mkono wako uko kwenye waya! Usitoboe juu wala chini ya priza na swichi. Mara nyingi nyaya zinapita pale ndani ya ukuta.

Ngazi ikipanda mita 4, mguu wake uwe mita 1 mbali na ukuta. Mwenzako aishike, watoto wakae mbali. Vifaa vipandishwe kwa kamba, ili mikono yako ibaki huru. Kamera ikiwa mbali kidogo, usijinyooshe: shuka, sogeza ngazi, panda tena. Ukisikia radi, shuka mara moja. Katika Katanga, miezi ya mvua, wingu halingoji umalize kazi.

Nawe mama, ukimwona mume anabeba ngazi peke yake jioni, muulize maneno mawili: «Umekata umeme? Nani anashika ngazi?» Asipojibu, ngazi irudi ndani.

Kamera ni ya kumwona mwizi kesho. Isikuone wewe ukianguka leo.