Kutoka Meza ya Katibu Mahsusi hadi Kazi za Mtandaoni (2): Bei ya Saa ya Mstaafu

Juma lililopita tuliangalia namna mtumishi wa ofisi anavyojiandaa kuondoka kazini, ama kwa hiari akifika miaka 55, ama kwa lazima akitimiza 60. Leo tunaingia kwenye kazi yenyewe: kuwa msaidizi wa ofisi kwa njia ya mtandao, yaani mtu anayekaa Nachingwea au Ruangwa akampangia ratiba, akamjibia barua na kumtunzia kumbukumbu mtu aliyeko Dar es Salaam, Muscat au London.

Nachingwea ni mji uliokuzwa na kazi iliyotoka mbali. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ndio uliofanya bandari ijengwe Mtwara na reli ivutwe hadi huku. Pamoja na matrekta zikaja ofisi, taipureta na majalada. Mradi ukafungwa 1951, reli nayo ikafungwa 1962 na vyuma vikang'olewa. Tangu hapo kazi ya ofisi kwa watu wa Nachingwea, na wa Ruangwa ambayo zamani ilikuwa ndani ya wilaya hiyo hiyo, imekuwa ya halmashauri, ofisi ya mkuu wa wilaya, chuo cha ualimu, hospitali, shule, benki na vyama vya ushirika. Ukistaafu hapo, ofisi nyingine ya kupiga hodi ni vigumu kuipata. Kwa hiyo naamini njia hii ina maana zaidi huku kusini kuliko Dar es Salaam, ambako mstaafu mwenye sifa nzuri bado anaweza kuitwa na kampuni ya jirani.

Wengi wanaogopa wakidhani ni kazi ya vijana wa kompyuta. Chukua tangazo la Sekretarieti ya Ajira la nafasi ya katibu mahsusi ulisome polepole. Anatakiwa mtu aliyehitimu uhazili, aliyefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 100 kwa dakika moja, anayejua programu za kawaida za ofisi. Kazi zake ni kuchapa barua na nyaraka za siri, kupokea wageni na kujua shida zao, kutunza tarehe za vikao, miadi na safari za mkuu wake, kumtafutia majalada na kufikisha maelekezo yake kwa wasaidizi. Ondoa mlango na kiti cha wageni, weka barua pepe na simu, na hicho ndicho mfanyabiashara wa mbali anachotafuta na kukilipia kwa saa. Waliopita Chuo cha Utumishi wa Umma, iwe Tabora, Magogoni au kampasi ya Mtwara iliyo karibu nasi, walishafundishwa sehemu kubwa ya kazi hii.

Tutazame jambo moja kwa karibu. Mfanyabiashara mdogo huhifadhi nyaraka zake mtandaoni kwa majina kama "mkataba mpya", "mkataba mpya kabisa" na "mkataba wa mwisho 2". Siku mkaguzi au mwanasheria anapouliza upi ulisainiwa, anahangaika usiku kucha. Aliyekaa masijala hawezi kuvumilia hali hiyo. Atafungua jalada kwa kila mteja, ataliwekea namba ya kumbukumbu, ataanza jina la kila waraka kwa mwaka, mwezi na siku ili zijipange zenyewe, na kila barua iliyoingia ataiunganisha na jibu lake kama folio zilivyofuatana ndani ya jalada la karatasi. Hahitaji programu ya gharama kwa hilo. Anahitaji nidhamu aliyokwisha kuizoea.

Vivyo hivyo kwa vikao. Siku hizi mashine hunasa maongezi na kuyageuza maandishi kwa dakika chache, na simshauri mstaafu yeyote ajenge riziki yake juu ya kuchapa sauti neno kwa neno. Lakini katika kikao cha saa tatu, ambamo watu wanakatizana, wanarudi nyuma na kuachana bila kusema wazi nani atafanya nini, kazi ngumu ni kujua lipi lilikuwa azimio. Mhazili mzoefu anajua. Anaandika muhtasari, anataja mhusika na tarehe, na kikao kinachofuata anafungua kwa yatokanayo kabla hata mwenyekiti hajakumbuka. Ufuatiliaji huo una thamani kubwa, na hapo ndipo ningemtaka ajitangaze.

Tatizo kubwa liko kwenye bei, tena katika malezi ya ofisi. Kwa miaka 30 hakuna aliyewahi kumuuliza katibu mahsusi saa yake inauzwa kiasi gani. Ngazi ya mshahara ilipangwa kwingine, na heshima yake ilikuwa kutosema hapana. Sasa anapata mteja wa kwanza, tuseme kijana mwenye duka Kariakoo. Kijana anapiga simu jioni: "Shikamoo mama, ile ankara umeituma?" Naye: "Marahaba mwanangu, imo kwenye barua pepe yako tangu saa mbili asubuhi." Kazi imefanyika vizuri. Mwisho wa mwezi unafika, malipo hayaji, na mama anaona haya kumdai mtu anayemwamkia kwa adabu hivyo. Haya hiyo imewavunja moyo wengi kuliko kompyuta.

Kinga yake ni kuandika mapema. Makubaliano ya ukurasa mmoja yataje kazi zipi, saa ngapi kwa mwezi, tarehe ya kulipwa na kinachofuata malipo yakichelewa. Katika bei aingize vifurushi vya intaneti, umeme, uchakavu wa kompyuta na saa za kusubiri. Mteja wa kwanza alipe sehemu kabla. Na mtu anayemtaka yeye ndiye atoe ada ya usajili ili apewe kazi, aachane naye siku hiyo hiyo.

Saa za wateja nazo ni za kupima. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja tu. Saa tatu asubuhi ya London, wakati wa baridi, kwetu ni saa sita mchana. Ile ya New York ni saa kumi na moja jioni, na atakayekaa na mteja huyo mpaka afunge ofisi atalala saa saba usiku. Mwenye miaka 60 ajipime kabla ya kukubali. Awe pia na njia ya pili ya mawasiliano. Mei 12, 2024, kebo za baharini zilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima, na aliyekuwa na namba ya simu ya mteja aliweza angalau kumjulisha.

Kupokea fedha kutoka nje kunahitaji maandalizi. Akaunti ya PayPal ya Tanzania imekuwa ya kutuma, si ya kupokea, hivyo wengi hutumia Payoneer, wakahamishia fedha benki. Kwa mteja wa ndani, fedha za simu zinatosha. Namba ya mlipakodi ni muhimu kwa wote.

Siri za mteja zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamhusu hata anayefanyia kazi sebuleni. Nywila za mteja zisikae kwenye daftari la nyumbani wala kwenye ujumbe wa WhatsApp. Nyaraka za ofisi ya zamani zibaki huko.

Ningemshauri aanzie karibu. Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI kinaunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho imepitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Ruangwa kuna kampuni za madini ya kinywe na wazabuni wanaozihudumia. Wanunuzi, wasafirishaji na wazabuni hao wote wana barua, ankara na mikataba inayodai mtu makini.

Juma lijalo: mfano wa makubaliano ya ukurasa mmoja, kipengele kwa kipengele.