KWA NINI INOKSI NAYO INASHIKA KUTU, NA TUIPONYE NAMNA GANI



Siku hizi katika shule nyingi na dispensari nyingi tunaona ngazi zenye vyuma vya kushikilia vinavyong'aa sawasawa sahani mpya. Watu wanaviita inoksi. Neno hilo limetoka katika Kifaransa, na maana yake ni chuma kisichoshika kutu. Basi, wazazi wakiisha kutoa franka zao na fundi akiisha kufunga kazi yake, kila mtu anafikiri mambo yamekwisha kwa milele. Kumbe baada ya mwaka mmoja au miwili madoa yanatokea, ya rangi ya chai. Hapo maneno yanaanza. Mmoja anasema fundi ni mwizi. Mwingine anasema wanafunzi njo wachafu. Na siku ya salongo huyu analeta mchanga, yule majivu, yule wa tatu javeli. Mara nyingi dawa hizo zinaongeza ugonjwa, na moja kati yazo inaweza kumtia mtoto hospitali. Kwa hiyo inafaa tujue sawasawa jambo hili linaendaje.

1. KUTU NI NINI?

Tumejifunza katika somo la shimi ya kwamba chuma cha kawaida kikikutana na maji na oksijeni ya hewa, kinageuka kuwa kitu kingine, rangi yake nyekundu-nyeusi. Hiyo njo kutu. Ubaya wake ni kwamba haishikamani. Imejaa vitundu, inabanduka, na maji yanapita tena mpaka kwenye chuma kizima kilicho chini. Njo maana msumari ulioachwa inje unalika polepole mpaka unakwisha wote.

2. INOKSI INAJILINDA NAMNA GANI?

Inoksi nayo ni chuma, lakini wameyeyusha ndani yake madini inayoitwa kromu. Katika kilo 100 za inoksi, kromu haipunguki kilo 10 na nusu. Kromu hiyo ikiguswa na oksijeni inafanya ngozi juu ya chuma, ngozi nyembamba sana: hata ukipanga ngozi laki moja moja juu ya ingine, hazifiki unene wa milimita moja. Jicho haliwezi kuiona. Lakini imefungana vizuri, maji hayapiti.

Tena ngozi hiyo iko na tabia ya ajabu. Ukikwaruza bati lenye rangi, rangi hairudi peke yake. Ukikwaruza inoksi safi, hewa inatengeneza ngozi upya mahali palepale, sawasawa kidonda kinachopona. Kuna sharti moja tu: hewa ifike, na pasikuwe uchafu wa kuizuia.

Wazungu walifikia elimu hiyo karibu wakati mmoja katika inchi mbalimbali. Katika mwaka 1912, huko Ujerumani, kiwanda cha Krupp kiliandikisha chuma chenye kromu na nikeli. Katika mwaka 1913, Harry Brearley wa muji wa Sheffield, Uingereza, alikuwa anatafuta chuma kigumu kwa mitutu ya bunduki, akapata chuma chenye kromu ambacho kutu haikukiweza. Watu wakaanza kutengeneza nacho visu vya meza. Kule New York, Marekani, jumba refu la Chrysler lilimalizika mwaka 1930, na kichwa chake kilichofunikwa na chuma cha namna hiyo kinang'aa mpaka leo. Basi inoksi si uongo. Inaweza kukaa inje muda mrefu kuliko maisha ya mtu.

3. SASA NANI ANAIVUNJA?

Adui wa kwanza ni chumvi, na vitu vyote vyenye kloridi ndani. Kloridi inatoboa ile ngozi kwa vitundu vidogo sana. Njo maana miji ya kando ya bahari, kama Moanda kwetu, ao Mombasa na Dar es Salaam, inoksi inapata madoa upesi: upepo unabeba chumvi. Lakini sisi wa mbali na bahari tusijidanganye. Jasho la mikono lina chumvi. Javeli ina kloridi. Ile asidi kali ambayo wajenzi wanatumia kwa kuondoa simenti juu ya vigae ni asidi ya kloridi yenyewe. Na ndugu zetu wa upande wa Goma wanajua moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira: ndani yake kuna gesi za asidi, pamoja na ile ya kloridi. Mvua ikipita katika moshi ule inashuka na asidi, na mabati ya nyumba yanalika mbele ya wakati wake.

Adui wa pili ni unga wa chuma cha kawaida. Fundi anakata mlango wa chuma karibu na ngazi, cheche zinaruka, zinanata juu ya inoksi. Mvua ikinyesha, ule unga unashika kutu, na sisi tunasema inoksi imeoza. Ni vilevile mwanafunzi akiegemeza kinga yake hapo kila siku, ao mtu akifunga waya wa kuanikia nguo. Chuma kinasugua chuma, na alama inabaki.

Adui wa tatu ni moto. Mahali fundi ameunga chuma kwa moto, utaona rangi ya samawi, ya manjano, ya kahawia. Pale kromu ya juu imeungua, ngozi imekuwa dhaifu. Kama fundi hakupasafisha, kutu itaanzia pale mbele ya pengine pote.

Adui wa nne ni uchafu unaokaa. Jambo hili linashangaza watu: sehemu inayopigwa na mvua mara nyingi inabaki nzuri, na sehemu iliyo chini ya paa, ao upande wa chini wa bomba, njo inapata madoa. Sababu ni kwamba mvua inaosha. Mahali mvua haifiki, vumbi na chumvi vinalundikana, umande unavilowesha, na kazi ya kuharibu inaendelea usiku na mchana.

4. MBELE YA KUSUGUA, TAZAMA KWANZA

Udongo wetu ni mwekundu. Mara nyingi kile tunachoita kutu ni vumbi tu. Chukua kitambaa chenye maji na sabuni, pangusa. Kama doa limeondoka, hapakuwa na ugonjwa.

Kama doa linabaki lakini ukipitisha ukucha unasikia chuma ni laini, kutu ni ya juu tu. Unaweza kuiondoa. Kama ukucha unaingia katika vitundu, ao kuna ufa kwenye maungio, hiyo ni kazi ya fundi.

5. KUIONDOA

a) Osha kwa maji safi, sabuni na kitambaa laini. Suuza. Usiruke hatua hii, maana mchanga ukibaki utakwaruza chuma wakati wa kusugua.

b) Fanya uji mzito wa bikarbonati na maji kidogo. Paka kwa kitambaa, sugua polepole. Ukitazama karibu, utaona inoksi nyingi iko na mistari midogo. Fuata ile mistari, usizunguke-zunguke.

c) Kama doa linakataa, suuza bikarbonati yote kwanza, kiisha paka maji ya limau ao siki. Ngoja kama dakika kumi, usiache ikaukie juani, sugua, halafu suuza kwa maji mengi. Asidi hiyo dhaifu inayeyusha kutu kidogo kidogo. Unaweza kurudilia mara mbili, tatu.

d) Kwa doa gumu zaidi, katika maduka kunauzwa dawa za kutu zenye asidi ya oksaliki ao asidi ya fosforiki. Zinafanya kazi vizuri, lakini oksaliki ni sumu. Mtu mzima njo azitumie, amevaa ganti na kulinda macho, akifuata maandiko ya chupa. Wanafunzi wa darasa za chini wasizishike.

e) Mwisho wa yote, suuza tena, kausha kwa kitambaa safi. Ngozi mpya itajitengeneza yenyewe kwa hewa.

6. VITU VYA KUKATAA KABISA

Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, na brosi ya chuma cha kawaida: zinaacha unga wao juu ya inoksi. Leo inang'aa, juma lijalo ni nyekundu kuliko mbele.

Mchanga: unachora mikwaruzo, na uchafu unapata mahali pa kulala.

Majivu: mama zetu wanasafisha sufuria nayo, ni kweli. Lakini wazee wetu walikuwa wanatengeneza chumvi kutoka katika majivu ya majani fulani. Basi ukipaka majivu na kuyaacha, unaweza kuwa umepaka chumvi.

Javeli, na ile asidi ya wajenzi: zote mbili zinatoboa inoksi. Na sasa sikieni vizuri, hasa ninyi mnaopangwa salongo ya vyoo: MTU ASICHANGE HATA SIKU MOJA JAVELI NA ASIDI YOYOTE, HATA SIKI AO LIMAU. Zikichangana zinatoa gesi ya klori. Gesi hiyo njo Wadachi waliitumia kuua maaskari huko Ypres, Ubeljiji, katika Aprili 1915. Inaunguza mapafu. Ndoo moja iliyotumiwa kwa javeli isuuzwe mara nyingi mbele ya kutiwa kitu kingine. Ukisikia harufu inayokata pua na kukohoza, acha vyote, toka inje kwenye hewa, ita mkubwa.

7. KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUPONYA

Kazi inaanza siku ya kununua. Inoksi si namna moja. Ile inayoitwa 304 iko na kromu karibu 18 kwa mia na nikeli karibu 8 kwa mia. Kwa ngazi za inje mbali na bahari, mara nyingi inatosha. Ile ya 316 imeongezwa madini ya molibdeni, 2 kwa mia na zaidi, na inashindana na chumvi vizuri. Hiyo njo ya kutafuta kando ya bahari ao chini ya moshi wa volkano, ingawa bei yake iko juu. Kuna na 201, ya bei ya chini, ambayo nikeli yake ni kidogo na manganezi imetiwa mahali pake. Dukani zote tatu zinang'aa sawasawa, lakini inje 201 inachoka upesi.

Watu wengine wanapima kwa sumaku. Sumaku ikishika kwa nguvu, hiyo si 304 wala 316. Lakini ikikataa kushika, bado haujajua kitu, maana 201 pia haishikwi. Afazali kuomba muuzaji aandike namba ya chuma kwenye fakitire. Akikataa kuandika, mmejua.

Mbele ya fundi kuanza, mwambieni mambo haya mane: diski ya kukatia iwe mpya, isiyogusa chuma cha kawaida, mahali pa kuunga pasafishwe mpaka ile rangi ya moto iondoke, skruu na bulo ziwe za inoksi vilevile, na pasibaki nafasi nyembamba za kushika maji. Fundi mzuri hatakasirika kuambiwa hivyo.

Kiisha hapo kazi inakuwa yetu. Kuosha kwa maji na sabuni kila miezi mitatu kunatosha mahali pengi. Chini ya paa, ao upande wa vumbi, kila mwezi. Haiombi rangi wala dawa ya bei kali. Inaomba ndoo, kitambaa, na darasa lililopangwa zamu.

8. JAMBO KUBWA KULIKO UZURI

Doa la juu ni aibu tu. Hatari iko chini, pale mguu wa chuma unaingia katika simenti, na pale bulo zinafunga. Maji yanalala pale, na mtu hatazami. Bomba linaweza kung'aa juu na bulo yake ya chuma cha kawaida imekwisha kulika chini. Mama mwenye mimba anayepanda ngazi za dispensari, mzee aliyekuja kutazama mjukuu wake, wanafunzi mia wanaoshuka pamoja kengele ikilia, wote wanaweka uzito wao pale bila kuuliza.

Kwa hiyo kila darasa likiisha kuosha, mkubwa mmoja asukume kila mguu kwa mikono miwili. Ukitikisika, msingoje muhula ujao. Fungeni kamba ili watu wasipite, na habari ifike kwa Bwana Prefe siku ileile.

Wanafunzi wa darasa za juu wanaweza kufanya jaribu moja la shimi. Wachukue misumari mitatu ya kawaida na vijiko vitatu vya inoksi. Watie msumari mmoja na kijiko kimoja katika kila kopo, lakini visigusane: kopo la kwanza maji ya mvua, la pili maji ya chumvi, la tatu maji yenye javeli kidogo. Waandike kila siku wanachoona kwa muda wa majuma matatu. Yale watakayoyaona tutayaandika katika nambari ijayo.